Kakangu wa barazani, ahsante

Kaka uliyekuwa ukinywa kahawa barazani Mji wa Kale, Jumanne baada ya magharibi, jina sikukuuliza. Ulinikuta nimeinamia kompyuta, natengeneza wimbo wa chakacha, ngoma zake zikilia kama cherehani. Ukasikiliza, ukacheka: "Mdogo wangu, kila pigo umelitia nguvu 127, ya mwisho kabisa. Mikono ya nani hiyo?" Mapigo madogo ukayashusha hadi hamsini, sitini, hakuna mawili sawa. Ngoma ya vumi ukaisogeza nyuma unywele mmoja. Gridi nayo, ile mistari ya kupangia mapigo, kumbe nilikuwa nahesabu nne kwa nne muda wote (aibu!), ukaiweka sita kwa nane. Muuza kahawa akaanza kugonganisha vikombe vyake kufuata mdundo. Wimbo umekwisha sasa. Pita tena, kahawa na kashata nalipa mimi.