Usikate mipera kwanza

Mama Upendo mpenzi,

Habari za Lushoto na baridi yake? Sisi huku Muheza tu wazima, ila goti la mama mkwe bado linasumbua. Ujumbe wako niliupata jana usiku, usingizi ukaniruka. Mipera yote mitano uikate kwa sababu ya funza wa nzi wa matunda? Subiri kwanza, nakusihi.

Picha ya funza nimeitazama sana. Shoga yangu, kwa macho yetu funza hawa wote ni wamoja: weupe, na ukiwamwaga mezani wanajikunja na kuruka. Anayetambulika ni nzi mwenyewe. Huyo wa duka la pembejeo aliyekuambia ni "nzi mgeni" kwa kutazama pera bovu amebahatisha tu, na chupa ya dawa aliyokuuzia haimfikii funza aliyemo ndani ya tunda. Limeniuma hilo.

Chukua mapera manne mabovu, yaweke kwenye ndoo yenye mchanga, funika kwa kipande cha kanga, funga kamba. Nzi watatoka baada ya wiki mbili tatu, kwa baridi yenu labda zaidi. Usiwaue siku hiyohiyo, rangi inakuwa haijakolea. Wape pamba yenye maji ya sukari siku nne, ndipo uwatie kwenye kichupa cha spiriti.

Mtazame mabawa. Mgeni ana mabawa meupe kama kioo, yenye mstari mweusi ukingoni, kiuno kama cha nyigu, mistari miwili ya njano mgongoni na alama kama herufi T tumboni. Ukiona mstari wa tatu katikati ya mgongo, huyo ni wa matango na maboga. Mabawa yakiwa na madoa na mikanda ya kahawia, ni wetu wa zamani. Na inawezekana kabisa wako ni hao, maana nanyi mko milimani: kule Morogoro wataalamu walipowahesabu, mgeni alijaa bondeni, na juu milimani wa kienyeji ndio waliozidi.

Huyo mgeni hata wataalamu aliwasumbua. Alionekana pwani ya Kenya na hapa Tanzania mwaka 2003, akapewa jina jipya 2005, kisha 2015 wakakubaliana ni yuleyule nzi wa Asia. Sasa sisi tumhukumu kwa pera moja?

Akiwa mgeni, majirani wajue kabla plamu hazijaiva, na mtego wenye chambo cha kuvuta nzi madume utafaa. Huo mtego hauwavuti wale wa zamani wa maembe na mapera, ndiyo maana nang'ang'ania jina. Kwa sasa okota yaliyoanguka kila siku, fukia futi mbili chini. Yakibaki juu, funza wanaingia ardhini na kurudi nzi.

Mapera yalianza kuharibika lini? Limao na parachichi je, ziko salama? Kuna mtu alileta maembe kutoka huku chini? Mama Shemsa naye analalamika? Kichupa mpe konda wa basi la asubuhi, nitamsubiri stendi. Utaanza lini hiyo ndoo?

Wako,
Mama Salima