Barua kwa mwanangu: jina lako limo kwenye hati?

Mwanangu,

Asalaam alaikum. Mguu wa mama yako umepoa kidogo. Nimeusoma ujumbe wako kwamba mwezi ujao unahamia Stevenage, huko Uingereza, kwenye nyumba mnayoinunua wawili na rafiki yako. Nauliza moja tu: jina lako limo kwenye hati? "Tumeshakubaliana" si jibu.

Hapo Stevenage ndipo alipokulia E. M. Forster, yule mwandishi wa vitabu vya kabatini kwangu. Baba yake alikufa kwa kifua kikuu yeye hajatimiza miaka 2, na mwaka 1883 mama yake akapanga nyumba iitwayo Rooks Nest. Miaka 10, wakaiacha. Haikumtoka moyoni, ndiyo aliyoitia katika riwaya yake ya Howards End, 1910. Humo Bi Wilcox, mwenye nyumba, yu mahututi, anaandika kwamba nyumba apewe rafiki yake Margaret. Kwa penseli! Bila sahihi. Mume na watoto wanaijadili kwenye chai ya asubuhi kama wajumbe wa kamati, wanaona haina nguvu kisheria, basi. Margaret haambiwi kitu.

Nilipofundisha kitabu hicho nilikuwa nikiwasema sana hao akina Wilcox, watu wa hesabu wasio na moyo. Mwaka huohuo bibi yako akatamka, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, kwamba chumba cha uani ni cha shangazi yako aliyemwogesha miezi 7. Karatasi haikuwepo. Tulipouza nyumba nilikuwa na karo zenu. Shangazi yako hajauliza hata siku moja, na kila Idi analeta visheti.

Kwa hiyo usiniambie mnaaminiana. Kusoma umesoma, na habari za nyumba yako nimemtangazia hadi muuza magazeti, lakini tabia ya kutia sahihi bila kusoma unayo tangu utoto, na hukuitoa kwangu. Mtafute mwanasheria wako, si wa rafiki yako. Jina lako liandikwe, na herufi zake zote.

Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, fundi ni yule yule wa kesho-kesho. Usitume hela ya bati kabla hujanitumia picha ya hati. Na ukituma, fungu la shangazi yako mpelekee mwenyewe kwenye simu yake. Usilipitishe kwangu.

Baba yako