Idd Mubarak, na mkinikosa alfajiri simu iko kabatini

Idd Mubarak ndugu, jamaa, majirani na nyie wateja wangu mliokuja jana usiku saa tano mnatafuta viatu vya mtoto namba 28. Mwezi umeandama, takbira nazisikia toka msikitini huku naandika, duka ndio nimefunga sasa hivi. Taqabbala Llahu minna wa minkum, yaani Allah atukubalie sisi na nyie.

Niwaambie ukweli. Mie niko Kariakoo, nguo za watoto, na Kariakoo kumi la mwisho la Ramadhani mnaijua inavyokuwa, yaani siku zile zile ambazo Mtume (s.a.w.) alikuwa anakaa itikafu msikitini, ibada tu, ndio sisi tunafunga duka usiku wa manane, usiku wa 21, wa 23, wa 25, wenzangu wanautafuta Laylatul Qadri mie natafuta chenji. Usiku mmoja bora kuliko miezi 1000, ni miaka 83 na miezi 4 hiyo, nimeipiga kwenye kalkuleta ya dukani nikisubiri mama mmoja aamue gauni la bluu au la pinki, nikacheka peke yangu halafu nikaona haya. Lakini nifanyeje, kodi ya fremu haijui kumi la mwisho.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo mno. Daku namaliza kama saa kumi na nusu, adhana ni saa kumi na moja na kitu, hapo katikati kuna kanusu saa. Zamani kalikuwa ka simu, magrupu, status, zile dua ndefu za kuforwadi ambazo sizisomi natuma tu (tusidanganyane, na nyie hamzisomi). Siku moja kumi la kwanza umeme ukakatika na chaji imeisha, nikabaki nimekaa kwenye msala gizani sina la kufanya. Friji kimya, jogoo wa jirani, mtu anapita nje na ndala. Mwanzo kichwani bei za mzigo tu zinapishana, baadaye zikachoka zenyewe. Nikaomba dua kwa Kiswahili changu cha kawaida, mama, mgonjwa wetu, hadi yule ninayemdai, kila siku "kesho" na hela yangu kaishika yeye, naye nikamuombea, sijui hata ilitokea wapi! Kesho yake umeme ulikuwepo, nikaifungia simu kwenye kabati la vyombo mwenyewe.

Sasa naogopa kesho kutwa. Daku hakuna, nani ataniamsha? Mwaka jana niliapa hivi hivi na Idd pili tu nikaswali alfajiri jua limeshatoka. Ndio maana zile funga sita za sunna za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, sizifungi mfululizo safari hii, nazigawa Jumatatu na Alhamisi, wiki 3 nzima daku itakuwa inanitoa kitandani, ikiisha hapo tutaona.

Ambaye hajatoa zaka ya fitri awahi jamani, ni kabla ya swala ya Idd, pishi ya mchele kwa kila kichwa, kama kilo 2 na nusu hivi, na watoto wanahesabiwa.

Pilau ipo kuanzia saa saba, njooni na watoto, nguo zao nataka kuziona maana nyingi nimeziuza mimi. Ila asubuhi msipige kabla ya saa kumi na mbili na nusu, itaitia kwenye vikombe huko.