Mcheza kwao hutuzwa, lakini achezee wapi?

Kwa Mhariri,

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 hapa Kenya walianza sekondari ya juu Januari 2026, na miongoni mwao wamo waliochagua mkondo wa sanaa na michezo, ambamo muziki na densi ni somo. Mwaka 2029 watakuwa wanabisha hodi vyuo vikuu. Kenyatta, kule Nairobi, ina idara ya muziki na densi. Makerere wanafundisha densi, na Legon kule Ghana pia. Sisi wa Pwani, wenye ngoma za chakacha, lelemama, vugo na sengenya, tunaulizana kwa nini Mombasa isiwe na shahada yake ya densi. Ni haki kuuliza. Ila mazungumzo haya hukimbilia jina la shahada na silabasi, ilhali kozi ya namna hii huanzia chini ya nyayo. Chuo kisicho na sakafu ya kuchezea kisisajili mwanafunzi hata mmoja.

Kumbi nyingi za mji huu ni saruji iliyotandikwa taili. Hudekiwa haraka, na kwa harusi zatosha, kwa kuwa mcheza harusi hurukaruka usiku mmoja kisha akapumzika. Mwanafunzi wa densi huruka na kutua mara nyingi kila siku, siku nne au tano kwa wiki, miaka minne. Saruji haimezi kishindo, kwa hivyo kishindo chote hurudi mguuni. Huanza maumivu ya mbele ya muundi, kisha mfupa hupata ufa mwembamba ambao mara nyingi eksirei ya mwanzo haiuonyeshi. Mwanafunzi huambiwa hana kitu, naye huendelea kucheza juu ya mguu uliopasuka. Kutandika zulia juu ya saruji hakuondoi shida. Kunapunguza kelele tu. Taili nayo ikilowa jasho huteleza, na anayeanguka hutanguliza kiganja.

Sakafu inayofaa haina siri, fundi seremala mzuri ataijenga. Chini kabisa huwekwa vipande vya mpira mgumu. Juu yake hupangwa fito za mbao kwa tabaka zinazokatana, kila fito ikitegemezwa pale ambapo iliyo chini yake haikutegemezwa, ili mbao zipate kupinda kidogo mtu anapotua. Hufuata tabaka mbili za plaiwudi, viungio vya juu visikae juu ya viungio vya chini, la sivyo hapo patakuwa na sehemu ngumu na pengine patavunjika. Mwisho hutandazwa mkeka wa plastiki wa kuchezea. Usiwe wa kunata kupita kiasi: mcheza akizunguka na unyayo ukabaki ulipo, goti ndilo linalosokotwa. Na sakafu idunde kwa kiasi. Inayorusha watu kama godoro huchosha misuli ya mguu na kuharibu hesabu ya kutua.

Hapa kwetu kuna ya kuongeza. Mbao hunywa unyevu na kutanuka, kwa hivyo kila ukuta uachiwe mwanya wa kama sentimita moja na nusu. Sakafu iliyobanwa ukutani hunyanyuka katikati masika yakiingia. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi hula zile za kawaida. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufunikwa. Kila mcheza apewe kama mita mraba 5, yaani darasa la watu 20 lihitaji mita mraba 100 kabla ya kuwapatia wapiga ngoma pa kukaa. Dari isipungue mita 4, na chumba kisiwe na nguzo katikati (usicheke, vyumba hivyo hutolewa). Wahudumu wa usafi waambiwe mapema: polishi hapana.

Baada ya sakafu, ngoma yenyewe. Chuo kitashawishika kununua spika kubwa na kumwacha mpiga ngoma, kwa kuwa spika hailipwi mshahara. Lakini spika haipunguzi mwendo mwalimu anaposahihisha hatua, wala haimwoni aliyepotea. Chakacha huenda kwa mapigo sita. Kijana aliyezoea kuhesabu nane, kama afanyavyo kwenye mazoezi ya jimu na hip hop, atakuwa nje ya ngoma baada ya mizunguko michache, na kumhesabia kwa sauti zaidi hakumsaidii. Aketishwe kwenye ngoma ya msondo au chapuo wiki kadhaa, apige kwa mikono yake, ndipo ainuke kucheza.

Halafu kuna hili la nyonga. Nyonga ya chakacha haianzi nyongani. Nyayo zimetulia chini, magoti yamelegea. Goti la kulia likikunjika la kushoto hunyooka, na nyonga hufuata. Anayelazimisha kwa kiuno huumia mgongo wa chini, tena mapema. Kosa hili ni gumu kulikamata kwa sababu leso imefunika magoti: mwalimu anaona nyonga inatikisika vizuri, haoni inatikiswa na nini. Basi mwezi wa kwanza watu wafanye mazoezi na suruali za kubana, leso ifungwe magoti yakishajua kazi yake. Kwa ngoma za Kigiriama zinazochezwa na hando, ile sketi ya marinda, ni kinyume: hando livaliwe mapema, kwa kuwa lina upana na uzito wake, na anayelivaa mara ya kwanza siku ya onyesho huchelewa mapigo.

Wazazi watauliza kuhusu stara, na wana haki. Chakacha na lelemama ni ngoma za wanawake, na kwa desturi mara nyingi hufanywa mbali na macho ya wanaume. Ratiba iwe na vipindi vya wanawake peke yao, mpiga ngoma na mtahini wawe wanawake, mapazia yashushwe na simu ziachwe nje. Chuo kisichopanga haya tangu mwanzo kitakosa wasichana wale wale wanaozijua ngoma hizi nyumbani.

Lakini mtihani unahitaji kumbukumbu. Kwa ngoma zinazoruhusiwa kurekodiwa, kamera moja ya mbele haitoshi: anayejifunza kwa kuitazama hugeuza kulia kuwa kushoto, na hatua za nyuma hazionekani. Irekodiwe mbele, ubavuni na nyuma, mwili mzima, nyayo zikiwemo. Maandishi ya Rudolf Laban ya mwaka 1928, yaani alama za kuandikia miondoko ya densi, yafundishwe pia. Husomwa kutoka chini kwenda juu, mstari wa kati ukitenga kushoto na kulia, na urefu wa alama ndio muda wa tendo. Kwa miguu na mikono yanafaa sana. Kwa nyonga za chakacha ukurasa hujaa alama kabla mzunguko haujaisha, na hapo video hushinda. Kwa vyovyote, wenye ngoma waombwe ridhaa kabla ya kurekodi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ipo kwa ajili hiyo. Ngoma za pepo na za matanga zisipandishwe jukwaani kwa sababu tu zinapendeza.

Wanaozijua ngoma hizi vyema mara nyingi hawana shahada. Waajiriwe kama wakufunzi wa vitendo, kwa mkataba, si kuitwa siku ya wageni na kupewa nauli. Na ule mgawo uliozoeleka wa alama 30 za majaribio na 70 za mtihani wa mwisho haufai hapa, kwani mwanafunzi aliyeteguka kifundo wiki ya mwisho hupoteza muhula mzima. Ugeuzwe. Masomo ya studio yaanze saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa nne, kabla ya joto.

Udahili kwa gredi peke yake hautaonyesha nani anaweza. Mwombaji afundishwe hatua fupi pamoja na wenzake, airudie bila mwalimu mbele yake, kisha asahihishwe na kuirudia tena. Marudio hayo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa zaidi, maana yanaonyesha kama anafundishika.

Chuo kitakachotangaza kozi hii kitaje aina ya sakafu na ukubwa wake pamoja na ada. Mzazi akizuru, avue viatu na apige kisigino sehemu kadhaa za studio, katikati na pembeni. Akikuta taili, aulize sakafu ya mbao itajengwa lini, na ajibiwe kwa maandishi.

Walimu wa ngoma na densi,
Mombasa