Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Spika: hoja ya upinzani inadai jibu la Waziri

Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MBUNGE WA UPINZANI ANAPOIKOSOA SERA YA SERIKALI

Mheshimiwa Spika, nakusalimu. Nakuandikia kutoka Kahama, jirani kabisa na shimo la mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kwa hiyo mfano wangu mkubwa sitautoa mbali.

Mbunge wa upinzani akisimama kuchangia na kusema sera fulani ya Serikali ina kasoro, sisi tunaofuatilia tunajua kitakachofuata. Hajafika mbali, mtu keshasimama: kuhusu utaratibu, yaani anadai kanuni imevunjwa. Anaketi. Akiinuka tena inaombwa taarifa, yaani mwenzake anamkatiza kumsahihisha au kumwongezea, anaulizwa kama anaipokea, anaikataa. Anasogea sentensi mbili tatu, Waziri naye anasimama kudai athibitishe au afute kauli. Kengele inalia. Mchango uliobeba swali zito unaishia kwenye ugomvi wa neno moja, na mara nyingi, niseme ukweli, ni neno ambalo mchangiaji angeweza kabisa kuliacha. Lakini swali lenyewe je? Waziri akija kuhitimisha anawashukuru wote waliochangia, anagusa machache, mengine anasema atajibu kwa maandishi. Hayo maandishi mpiga kura atayasomea wapi?

Sasa Buzwagi. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, alihoji kwa nini Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi huu akiwa London, tena wakati Serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kuipitia upya mikataba ya madini. Aliomba iundwe Kamati Teule ya wabunge kulichunguza jambo hilo. Kamati hakupewa. Bunge lilisema amesema uongo, likamsimamisha Agosti mwaka huo hadi Januari 2008.

Kilichofuata unakifahamu kuliko mimi. Kabla hata adhabu haijaisha, Novemba 2007, Rais Kikwete aliunda kamati ya kuangalia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa huyo huyo Zitto aliyekuwa nje ya Bunge. Februari 2008 Karamagi alijiuzulu, ingawa kwa sakata jingine, la mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mgodi huilipa Serikali, ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017 ukafika asilimia 6, na Serikali ikajiwekea kisheria hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Yaani lile la kwamba mikataba yetu inatupunja, lililompa mbunge wa upinzani adhabu, miaka kumi baadaye lilikuwa sera ya Serikali ya CCM, na waliolipigia meza safari hii walikuwa wabunge wa chama tawala.

Simlaumu Spika wa wakati ule peke yake. Marehemu Samuel Sitta ndiye aliyeongoza kikao kilichomwadhibu Zitto, na ndiye pia aliyekuwa kitini ripoti ya Richmond iliposomwa na Waziri Mkuu akaondoka. Kiti ni kile kile. Tofauti ni kwamba mara moja hoja iliundiwa kamati ikachunguzwa, na mara nyingine aliyeitoa ndiye aliyegeuzwa mtuhumiwa. Hata fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, malipo ya umeme yaliyowekwa kando kwa sababu ya mgogoro, zaidi ya shilingi bilioni 300, zilianza kama kelele za David Kafulila wa NCCR-Mageuzi mwaka 2014. Alirushiwa maneno makali sana humo ndani. Mkaguzi Mkuu alipoingia na Kamati ya Hesabu za Serikali ikafanya kazi yake, mwaka haukuisha kabla Mwanasheria Mkuu wa Serikali hajajiuzulu.

Najua upinzani nao una vituko vyake. Kutoka nje ya ukumbi kila mara, kuingia wamejifunga midomo kama mwaka 2016, kuja na tuhuma bila karatasi mkononi: hayo yanatuudhi hata sisi tuliowapigia kura. Ila mwaka huo huo ndio TBC iliacha kurusha vikao vyote mubashara, sababu ikitajwa kuwa gharama, na mtu anayenyimwa kusikika hupiga kelele zaidi. Leo wapinzani humo ndani ni wa kuhesabika. Tangu uchaguzi wa 2020 hawakufika hata asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa ili iwepo Kambi Rasmi ya Upinzani. Hakuna tena hotuba mbadala ya bajeti. Kilichobaki ni zile dakika chache za mchangiaji mmoja mmoja, na ndizo zinazoliwa na taarifa.

Katiba, ibara ya 100, inamkinga mbunge dhidi ya mahakama na chombo chochote nje ya Bunge kwa anayoyasema ndani. Anayeweza kumziba mdomo, basi, ni Bunge lenyewe. Ni wewe.

Ninachoomba hakihitaji kubadili Katiba. Kauli ya "thibitisha" imbane Waziri kama inavyombana mbunge: akiambiwa mkataba una kasoro au fedha hazionekani, alete takwimu mezani kabla fungu lake halijapitishwa. Mbunge akishika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani akizuia fungu hilo hadi ajibiwe, jibu lisikike hadi mwisho, kwa sababu muda ukiisha mafungu hupitishwa kwa mkupuo na shilingi hurudishwa bila mtu kujibiwa. Na yale majibu ya maandishi yawekwe kwenye tovuti ya Bunge, pamoja na jina la aliyeuliza na tarehe.

Mkutano wa bajeti ukifika, ningeshukuru ukaanza na Wizara ya Madini.

Wako,
Mpiga kura, Kahama