Kabla hujaandika "kachanganyikiwa tena" kwenye faili la mgonjwa

Wapendwa poleni na shifti, kesho tutaongelea mgonjwa anayebadilika ghafla usiku. Jamani mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo) naye anaugua mwili kama sisi, sasa akianza tu kupotea, hajui saa wala mahali alipo, mara kasinzia mara kachachamaa, usikimbilie sindano ya kumtuliza, pima kwanza sukari, joto, presha, oksijeni, uliza kakojoa lini na kama alikuwa mnywaji akaacha juzi. Kusikia sauti tumezoea, ila anayeona wadudu ukutani huku fahamu zinapanda na kushuka, huyo mimi hunishtua. Na anayemeza lithiamu (dawa ya kuweka hisia sawa) akianza kutetemeka sana na kuharisha, dozi isubiri, daktari aitwe saa hiyohiyo. Njooni na maswali, hata yale ya aibu 😄