Suti ya Baba haipo: barua kwa mdogo wangu aliye Kampala

Mdogo wangu,

Umenitoa kwenye kundi la familia na namba yangu umeifunga. Shangazi naye kachoka kubeba maneno kati yetu, anasema yeye si posta. Basi nakuandikia hapa hadharani, na wanaosoma watuvumilie.

Kwanza hongera. Mama alipopata tarehe ya harusi alipiga vigelegele mpaka mke wa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, akaja mbio kuuliza nani kajifungua. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Kila asubuhi anakuombea kwa jina lako lote, lile refu ulilolichukia shuleni.

Sasa suti. Ile ya kijivu aliyoshonewa Baba pale Birere, hapa Goma, ambayo mara ya mwisho aliivaa siku ya komunio yako. Umeniuliza mimi, ukamuuliza Shangazi, ukaelezwa, na bado nimesikia huko unawaambia watu kwamba niliiuza benki zilipofungwa. Sikuiuza. Suti ya Baba ilitoka nyumbani usiku wa Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, imevaliwa na mtu ambaye mimi na Mama hatumjui hata jina.

Ile Jumapili iliyotangulia unaikumbuka. Wewe unaikumbuka ya barabarani, mimi ya uani. Umeme na maji vilikuwa vimeshakatika. Waasi wa M23 walikuwa wanaujia mji, Sake ya jirani ilikuwa imeanguka, gavana ameuawa kule kwenye mapigano, na mizinga tulikuwa tunaisikia upande wa Munigi. Mama amekaa juu ya bido tupu, dumu la maji, anahesabu kati ya mlio na mlio, kama alivyotufundisha kufanya na radi. Rafiki yako akapiga honi. Gari lilikuwa na nafasi moja. Ukaniambia mimi dada yako mkubwa, "Yaya, Jumanne nakuja kumchukua Mama." Ukachukua kibegi, nguo nyingine ukaziacha kwenye kamba chumbani, mkaelekea Grande Barrière, mpaka wa Rwanda, pamoja na nusu ya mji.

Sikulaumu kwa kuondoka, na hilo liwekwe wazi. Kijana wa umri wako siku zile alitafutwa na kila mwenye bunduki: huyu amuite mpiganaji wake, yule amuite adui. Mimi mwenyewe nilikusukuma mgongoni uingie garini.

Ila Mei 2021, volkano ilipotutoa mjini na watu wote wakashika njia ya Sake, ni wewe uliyembeba Mama kile kipande cha mwisho magoti yalipomgomea. Yule mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, alipotaja bei ulimwambia hela hiyo tutanunulia mikate, ukachuchumaa, ukasema, "Mama, panda." Wapita njia walikucheka na wewe ukawa unawajibu kwa wimbo. Mtu wa namna hiyo akiniambia Jumanne, mimi naelewa Jumanne.

Turudi kwenye usiku wenyewe. Tulikuwa tumelala sakafuni kwenye korido, magodoro tumeyaegemeza madirishani: mimi, Mama, na wale watoto wawili wa jirani ambao mama yao alikwama Keshero. Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati, mara moja moja, mara kwa mafungu. Katikati ya hayo tukasikia mtu anakwaruza mlango wa nyuma. Hakugonga. Alikwaruza kwa kucha. Kisha sauti ya chini kabisa: "Mama, salisa nga. Pesa nga bilamba." Mama nisaidie, nipe nguo.

Goma nzima inajua ni nani anayeomba nguo kwa Lingala usiku kama ule. Ni askari wa serikali, walikuwa wametupwa na wakubwa wao. Wengine walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, na waliochelewa wakabaki wanazunguka mitaani na magwanda yanayowatangaza. Mimi nilijilaza juu ya watoto nikawaziba midomo. Mama akasema, "Fungua." Nikamwambia, Mama, tutakufa. Akasema, "Fungua, anatuamshia watoto."

Akaingia kwa magoti. Bunduki hana. Sidhani kama alikuwa na miaka zaidi ya ishirini na kidogo. Alikuwa analowana, sijui ni mvua au ni nini, na kabla sijasema neno tayari alikuwa anajifungua vifungo, mikono inamtetemeka hata kimoja kikakatika kikabingirika sakafuni. Mama akakitafuta kwa viganja gizani mpaka akakipata. Hakutaka kibaki ndani ya nyumba yake.

Nikaenda chumbani kutafuta nguo. Na hapa ndipo unaponishtaki. Ulimwambia Shangazi: jinzi zangu zilikuwepo, fulana zilikuwepo, vyote juu ya kamba usawa wa macho. Kwa nini Yaya apige magoti, afungue sanduku, atoe vitambaa vya meza, aitoe suti ya marehemu Baba ampe mtu asiyemjua?

Nilimjibu Shangazi kwamba kulikuwa giza, na kweli kulikuwa giza. Nikamwambia jinzi zako zimebana, zisingempita mapajani, na hilo pia ni kweli, wewe mwenyewe ulikuwa unazivaa kwa kushindana nazo. Nikamwambia kijana wa jinzi na fulana asubuhi ile angedhaniwa ni mpiganaji aliyebadili nguo, ilhali aliyevaa suti watu humwona mchungaji au mwalimu. Hilo la mwisho lilinijia siku nyingi baadaye, lakini lifikirie, lina akili.

Jibu ambalo sikumpa Shangazi ni hili. Nilizishika jinzi zako. Nilizishika mkononi nikazirudisha kwenye kamba, kwa sababu ulisema Jumanne, na Jumanne ilikuwa kesho. Baba hakuwa amenipa siku ya kurudi.

Haya, umeshajua.

Mama alimvalisha koti kama anavyomvalisha mtoto wa shule, akamfunga vifungo vyote hadi cha chini, ambacho Baba hakuwa anafunga. Suruali ilimwishia juu ya vifundo vya miguu, si unajua Baba alikuwa mfupi. Nikampa kambambili zangu. Akala ugali baridi na sombe amesimama. Alisema kwao ni Mbandaka. Kabla hapajapambazuka akaruka ukuta wa mawe nyuma ya choo, akaenda. Asubuhi nzima tulikuwa tunasikia milio. Siku zilizofuata, watu wa Msalaba Mwekundu walipokuwa wanaokota maiti barabarani, kila mtu akisema pameonekana mwili mahali fulani, nilikuwa nataka kuuliza umevaa nini. Nilinyamaza. Ningeulizaje?

Magwanda hatukuweza kuyazika. Ardhi ya kwetu ni jiwe la volkano, kaburi lenyewe linachimbwa kwa nyundo. Niliyakatakata kwa kisu nikayachoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kipande baada ya kipande, nikitumia makaa tuliyokuwa tumeyabana kwa ajili ya kuchemsha maji ya ziwa. Mabuti niliyatupa barabarani. Kulipopambazuka nilikuta wasiwasi wangu ni wa bure, barabara yote ilikuwa mabuti, kofia za chuma na mikanda, watoto wanavichezea. Baadaye M23 walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta askari na silaha, walilifungua sanduku lile lile. Wakakuta vitambaa vya meza. Mama akawauliza kama wanahitaji kimoja.

Unasema nilihatarisha maisha ya Mama. Mdogo wangu, wewe ulikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, umekaa juu ya kitanda cha watu, na sikunyimi kitanda hicho, nilimshukuru Mungu ulikipata. Lakini usinipangie mlango. Ningemwacha nje angekaa pale pale kwenye ngazi na magwanda yake, na waliokuwa wanamfuata wangemkuta kwetu. Risasi ingemwulizaje kama tulifungua au hatukufungua? Na tena aliyesema fungua ni Mama. Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka umkasirikie mama yako. Sasa nimesema, mkasirikie kama unaweza.

Mtandao uliporudi, wewe ulikuwa na mengi ya kusema kwa dunia. Umoja wa Mataifa ulipotaja watu karibu 3,000 waliouawa ndani ya siku zile chache, wewe ulikuwa wa kwanza kuibandika ile namba, na mshumaa pembeni. Fundi redio wa kona yetu, aliyekuwa anakutengenezea simu kwa mkopo, yumo ndani ya namba hiyo. Hujamuuliza mpaka leo. Mkewe ananiuliza kama unajua, namwambia unajua, umeumia sana, unashindwa kuongea.

Halafu pesa. Ulituma, sikatai, na tulikula. Lakini huwezi kukaa Kampala ukaniandikia hesabu kama karani: nimetuma hii, mbona mmepata hii. Benki zote zilikuwa zimefungwa. Pesa ya kwenye simu ilikuwepo, noti ya kuigeuza haipo, na mwenye noti anakata anavyopenda. Mara nyingine nilivuka kwa miguu hadi Gisenyi na kadi ya mpiga kura kutoa kile ulichotuma, nikarudi na sambaza, wale samaki wadogo, na sabuni. Tulizoea hata hayo. Tulizoea kuchaji simu kwa mwenye sola, kuweka dawa kwenye maji ya ziwa kwa kuogopa kipindupindu, kutoka salongo Jumamosi tukafagia mitaa kwa amri ya wakubwa wapya, kutazama nani anasikiliza kabla hatujasema neno. Mama alianza kuuza maandazi mlangoni. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa vijana wenye bunduki, wa upande huu safari hii, na kati yao mmoja alikuwa anamwita Mama kwa heshima kuliko wewe unavyoniita mimi sasa.

Kwa kuwa unaoa, na Baba hayupo, ushauri ni juu yangu. Usimwahidi mkeo siku. Mwambie nitakuja nikipata njia. Mwanamke anaweza kuishi na "nikipata njia" miaka mingi, ila ukimtajia siku atapika chakula cha siku hiyo. Mimi sijawahi kumtajia Mama siku. Kila alipouliza utarudi lini nilimwambia njia zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, hata kipindi ambacho watu walikuwa wanapita Bunagana, mpaka wa Uganda, kila wiki na kurudi na magunia. Nilikulinda kwake. Hilo Shangazi alikuambia?

Na msihesabiane vitu ndani ya nyumba. Vitu huisha. Mimi sihesabu. Sijahesabu bido nilizopandisha kutoka ziwani, wala usiku niliokesha na presha ya Mama bila dawa, wala mwaka 2002 volkano ilipoteketeza nyumba ya kwanza nikakubeba mgongoni mpaka Gisenyi, unalilia kiatu kilichodondoka, na mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye miguu mitupu. Kiatu hicho nilirudi kukitafuta na sikukipata, na hukuwahi kuniita mwizi wa kiatu.

Suti utashona nyingine. Huko Kampala mafundi wapo, na mabega ya Baba huna, umerefuka upande wa mjomba, ile isingekutosha hata kidogo. Nilitaka nikuambie hivyo tangu mwanzo lakini hukunipa nafasi. Picha ya Baba akiwa ameivaa ninayo, haikuungua, nitaileta.

Ndiyo, nitaileta mwenyewe. Mwaliko nimeuona, jina langu sikuliona. Lakini Mama hawezi kusafiri peke yake na magoti yale, kwa hiyo msindikizaji atakuwepo, mpende msipende. Tutapitia Rutshuru hadi Bunagana, kisha Kisoro. Mtume mtu atupokee Kisoro, awe anajua Kiswahili, Mama hataki kuongeleshwa kwa ishara. Anauliza pia kama ukumbi una ngazi. Mjibu yeye, si lazima unijibu mimi. Ile laini yake ya zamani haishiki vizuri, mpigie kwenye ile ya Rwanda, jioni, kabla hajalala.

Na mwambie bibi arusi anitumie rangi ya kitenge mapema. Fundi wa Birere siku hizi hagusi mkasi bila noti mkononi.

Yaya wako